UZI: Kiti cha mtumba kinachodaiwa ni cha Denmark, miaka ya 1950. Tusaidiane kukisoma asili yake

Msasa Laini (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Jioni ya tatu leo nimekizunguka kiti kimoja na bado sijui kimetoka wapi. Ni kiti cha mapumziko, kifupi, fremu ya mbao iliyo wazi, mito miwili ya kutoa na kurudisha, mikono imechongwa ikapinda kama kasia, miguu ya nyuma imetanuka kidogo. Ule mtindo wa katikati ya karne ya 20 ambao mtu akiuona tu anasema "Denmark". Mwenye nacho anasema ni mtiki mtupu, ubunifu wa Mdenmark Finn Juhl, miaka ya 1950. Ameniachia nikikague mpaka mwisho wa wiki.

Nakipenda, hilo sifichi. Ila sitaki kununua jina halafu nikaja kugundua jina halikuwahi kuwa la kiti hiki. Niliyoyaona: hakuna bamba wala lebo ya karatasi. Chini ya ubao wa mbele kuna matundu mawili madogo ya skrubu, matupu. Ndani ya ubao wa nyuma kuna mhuri wa wino uliofutika, zinasomeka herufi nne za mwisho tu: AVIA. Yeye anasema hiyo ni SCANDINAVIA. Mikanda ya mpira chini ya mto imelegea na kupasuka.

Mwenye uzoefu anielekeze pa kuanzia.

Jicho la Randa

Msasa Laini, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa hela. Kilaze kifudifudi juu ya blanketi ukisome tumboni. Juu kimesuguliwa na kuvalishwa kitambaa kipya mara ngapi, hatujui. Chini hakuna aliyehangaika kukipamba, kwa hiyo huko ndiko kulikobaki ukweli.

Jina la Finn Juhl liweke pembeni kwa sasa. Kazi zake zina ushahidi mwilini. Za mwanzo, kama NV45 ya mwaka 1945 na kile kiti kikubwa cha Chieftain cha 1949, zilitoka karakana ya Niels Vodder mjini Copenhagen, na karakana hiyo ilikuwa ikichoma jina lake kwenye mbao kwa chuma cha moto. Chapa ya moto haitoki kwa kitambaa wala vanishi. Ukitaka kuiondoa lazima uchonge mbao, na ukichonga unaacha bonde ambalo kidole kitalisikia hata gizani.

Zile za kiwandani nyingi zilipitia France & Daverkosen, na hapa jina la kiwanda linageuka kalenda. Mwaka 1957 kiwanda hicho kikaanza kuitwa France & Søn. Mwaka 1966 Poul Cadovius akakinunua na bidhaa zikaanza kutoka kwa jina la CADO. Kiti cha muundo uleule kinaweza kukutana nawe kwa majina matatu, na kila jina lina miaka yake. Mtu akikuambia "France & Søn ya mwaka 1952", ujue mwaka umebuniwa.

Halafu angalia umbo lenyewe. Juhl alipenda kikalio na egemeo vionekane kama vinaelea, vimeachana na fremu inayovibeba. Cha kwako mto umekaa wapi?

Msasa Laini

Mto umekaa moja kwa moja juu ya mikanda, na mikanda imeingia kwenye mifereji iliyochongwa kwenye mbao mbili za pembeni. Hakuna kinachoelea.

Jicho la Randa

Basi hapo Juhl ameanza kuondoka. Denmark bado ipo mezani.

Bolti Kumi

Mimi kwangu kiti ni skrubu. Toa mito, chukua tochi, tazama vichwa vyake kwa karibu. Za mfereji mmoja hazitakusaidia, zimekuwepo siku zote. Ya nyota ya kawaida, ile ya msalaba mtupu, ilipata hataza mwaka 1936, kwa hiyo kiti cha miaka ya 1950 kinaweza kuwa nayo bila shida. Ila kuna nyota nyingine yenye mistari minne myembamba iliyokwaruzwa katikati ya mikono ya msalaba. Ukiitazama haraka utadhani ni ileile. Hiyo inaitwa Pozidriv, na ilianza kutumika miaka ya 1960. Ukiikuta, na ukathibitisha kwamba ndiyo iliyofungwa siku kiti kinatengenezwa, madai ya miaka ya 1950 yamekwisha.

Neno zito hapo ni "ukathibitisha". Skrubu hubadilishwa na fundi yeyote. Ifungue moja taratibu utazame tundu lake. Ile ya tangu mwanzo huacha duara la kutu au la weusi kwenye mbao, na kichwa chake hulala sawasawa ndani ya duara hilo. Iliyoletwa baadaye utakuta duara ni kubwa kuliko kichwa, au dogo, au limekaa upande.

Kikalio Kigumu

Msijisumbue wakuu. Cha Denmark orijino kina bamba. Hakina bamba, ni feki. Uzi ufungwe.

Dada Vinia

Hapana, ndugu yangu Kikalio, hapo unawapotosha wanaojifunza. Viti vingi vya Denmark vilisafirishwa vikiwa na lebo ya karatasi tu, au kijiduara cha gundi cha udhibiti wa ubora, kile chenye maneno "Danish Furnituremakers' Control". Karatasi haidumu miaka sitini chini ya kiti kinachosuguliwa na kupanguswa. Kukosa bamba hakuthibitishi chochote.

Na kuwa na bamba nako kusikufanye ulale. Niliwahi kununua kiti chenye bamba zuri kabisa la kiwanda kinachojulikana. Nilikaa nacho mwaka mzima nikijivuna nacho. Siku fundi makochi alipolegeza bamba ili asafishe, mbao chini yake ilikuwa na rangi ileile ya pembeni yake. Fikirieni hilo. Mbao ikikaa miongo kadhaa inabadilika rangi kwa mwanga, hewa na mafuta ya mikono, na sehemu iliyofunikwa hubaki nyuma. Chini ya bamba la tangu zamani lazima pawe na kivuli chenye umbo la bamba. Changu hakikuwa nacho. Liling'olewa kwenye kiti kingine likapigwa pale juzijuzi. Niliumia, kwa sababu kiti chenyewe kilikuwa kizuri na hakikuhitaji uongo huo.

Msasa Laini, yale matundu yako mawili: pana kivuli kati yake?

Msasa Laini

Nimerudi wakuu, nimetumia saa nzima na tochi.

Kivuli kipo. Mstatili mdogo, urefu kama wa kidole gumba, rangi yake imepauka kuliko mbao inayouzunguka. Kwa hiyo bamba lilikuwepo, na lilikaa muda mrefu.

Skrubu zinazoshika mikono ni za nyota, na mistari minne myembamba ipo. Nimefungua moja. Duara la weusi kwenye tundu limelingana na kichwa kabisa, na hata ncha ya skrubu imeacha kutu ndani.

Kuhusu mbao nimepata mshtuko. Juu ya mikono ni rangi ya mtiki, kahawia ya dhahabu. Nilipotazama ndani ya mfereji wa mikanda, mahali ambapo rangi haikufika, mbao ni nyeupe yenye wekundu kwa mbali, na ina vidoa vifupi vya kahawia vilivyotapakaa kama punje za mchele. Huo si mtiki, sivyo?

Jicho la Randa

Si mtiki. Vidoa vya punje za mchele ni alama ya biichi, mti wa misitu ya Ulaya. Mtiki ukiuchimba kucha ndani ni kahawia vilevile kama nje, una mafuta, na ukiupiga msasa kidogo unatoa harufu kama ya ngozi. Biichi hupakwa rangi ili ufanane nao. Asante kwa kutazama ndani ya mfereji. Wengi hutazama mkono unaong'aa wakaishia hapo.

Ila nikukumbushe, biichi peke yake haiondoi Denmark. Wadenmark walitumia biichi na mwaloni kwa wingi, hata wabunifu wakubwa. Imeondoa tu maneno "mtiki mtupu".

Dada Vinia

Sasa turudi kwenye mhuri, maana mimi naona jibu liko pale na tumelipita.

Mhuri wa nchi kwenye samani haukuwekwa kwa urembo. Marekani iliweka sheria tangu mwaka 1890 kwamba bidhaa inayoingia iwe na jina la nchi ilikotoka. Ndiyo maana unakuta kiti kilichotengenezwa na watu wasiozungumza Kiingereza kimegongwa "Made in Denmark" kwa Kiingereza: kilikuwa cha kusafirishwa. Forodha wanataka nchi. Scandinavia si nchi. Mtengenezaji wa Denmark angegonga Denmark, wa Sweden angegonga Sweden.

Kwa hiyo jiulize, nchi gani iliyokuwa ikiuza viti Magharibi jina lake linaishia na AVIA? Mimi naijua moja. YUGOSLAVIA.

Hatuhitaji kubishana, herufi moja inatosha. Kabla ya AVIA, kwenye SCANDINAVIA ipo N. Kwenye YUGOSLAVIA ipo L. N ina nguzo mbili, L ina nguzo moja na unyayo chini. Zima taa za chumbani, laza tochi ubavuni mwa ubao ili mwanga upite juu ya mbao kwa mshazari. Wino ukifutika, mgandamizo wa mhuri mara nyingi hubaki.

Bolti Kumi

Dada, na CZECHOSLOVAKIA je? Hao nao walitengeneza sana.

Dada Vinia

Hiyo inaishia AKIA. Mkuu amesoma V, I, A zikifuatana. Kama kuna anayefikiria MORAVIA, huo ni mkoa, na kabla ya AVIA ingekuwa R, yenye tumbo juu.

Mgeni wa Mbao

Samahani kuingilia, mimi ndiyo kwanza naanza. Hivi kweli hizi kanuni zinafanya kazi hata kwa vile viti vya plaiwudi? Nimeonyeshwa kiti cha Eames cha ngozi na kiti cha kuwekea miguu, naambiwa ni cha mwanzo kabisa.

Jicho la Randa

Karibu sana Mgeni. Kanuni ni ileile, alama ndizo tofauti. Kiti hicho cha Charles na Ray Eames kilitoka mwaka 1956 kupitia kampuni ya Herman Miller, na Ulaya kampuni yenye haki ni Vitra. Hesabu miguu: kiti kina miguu mitano kwenye kitako chake cha chuma, cha kuwekea miguu kina minne. Nakala nyingi huweka minne kote. Zunguka nyuma: magamba ya plaiwudi ya orijino hayana bolti inayotokeza kwa nje. Ukiona vichwa vya bolti mgongoni, rudisha. Hesabu na tabaka za plaiwudi kwenye ukingo, za zamani ni 5, kisha zikawa 7.

Lebo nayo isome anwani. Marekani ilianza msimbo wa posta wa tarakimu tano mwaka 1963. Lebo yenye tarakimu hizo baada ya jina la jimbo haiwezi kuwa ya mwaka 1956. Ujerumani walikuwa na tarakimu nne mpaka 1993, ndipo zikawa tano. Karani aliyeichapa hakuwa na nia ya kukusaidia kupata mwaka, lakini amekusaidia.

Kama mbao ya nje ni rozwudi ya Brazil, uliza na karatasi. Mti huo, Dalbergia nigra, ni wa jenasi moja na mpingo wetu, na tangu 1992 biashara yake ya kimataifa imefungwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kiti halali cha mbao hiyo ni cha kabla ya hapo, na kukivusha mpaka bila kibali kunaweza kukupotezea kiti chenyewe.

Bolti Kumi

Na tarakimu zisiwapumbaze. Viti vingi vya Uingereza, Ercol hasa, chini vina alama yenye "BS 1960". Kila wiki kuna anayetangaza "kiti cha mwaka 1960, angalia mhuri". Hiyo 1960 ni namba ya kiwango cha ubora cha Uingereza cha viti vya nyumbani. Haihusiani na mwaka wa kutengenezwa.

Kikalio Kigumu

Nimesoma yote, na nakubali nilikosea kuhusu bamba. Nina swali la dhati. Tukishajua si cha Denmark, tunakiitaje? Nakala? Maana mimi neno "nakala" nalisikia kama tusi.

Dada Vinia

Swali zuri sana na nakushukuru kwa kulileta. Kuna nakala ya kunakili, na kuna kiti cha mtindo wa zama zake. Tofauti ni kubwa.

Nakala ninayoijua vizuri kuliko zote ni kile kiti ambacho mwanamitindo wa Uingereza Christine Keeler alipigwa picha amekikalia mwaka 1963, picha ya Lewis Morley. Watu wanaamini ni kile kiti namba 3107 cha mbunifu Arne Jacobsen, cha kampuni ya Fritz Hansen, cha mwaka 1955. Sicho. Ni cha kuiga, na kwenye egemeo kimekatwa tundu la kushikia ambalo la Jacobsen halina. Leo kipo makumbusho ya Victoria and Albert, London, kikiwa kiti cha kuiga chenye jina kuliko orijino nyingi. Hapo umbo la mtu mmoja lilichukuliwa likabadilishwa kidogo.

Kiti cha mleta uzi sidhani ni hivyo. Mikono ya kasia, fremu wazi, mikanda ya mpira, miguu iliyotanuka: hiyo ilikuwa lugha ya wote wakati ule. Yugoslavia walikuwa na wabunifu wao. Niko Kralj alibuni kiti cha kukunja cha Rex mwanzoni mwa miaka ya 1950, kikatengenezwa na kiwanda cha Stol mjini Kamnik. Poland ilikuwa na kiti namba 366 cha Józef Chierowski cha mwaka 1962. Kumwita kila mmoja wao "Denmark" ni kuwafuta. Na hawa wa Mashariki ndio wanaofutwa mara nyingi zaidi, kwa sababu jina la Denmark linauza.

Msasa Laini

Wakuu, nimefanya kama Dada Vinia alivyoelekeza. Taa zote zimezimwa, tochi imelazwa juu ya ubao wenyewe, nimepiga magoti na kioo cha kukuzia.

Kabla ya AVIA kuna nguzo moja. Moja tu. Na chini yake, kwenda kulia, kuna mkwaruzo mfupi ulionyooka, umedidimia kwenye mbao ingawa wino hakuna. Nimepitisha ukucha juu yake, ukucha umekwama mle ndani. Nimesogeza tochi upande wa pili, ikaonekana vilevile. Nyuma yake kuna kitu kama mkunjo, nadhani ni S, ila siapi.

Ni L.

Bolti Kumi

Safi sana mkuu! Basi panga miaka. Pozidriv ya tangu mwanzo: si kabla ya miaka ya 1960. Jina la nchi: Yugoslavia ilisambaratika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huo ndio uwanja wako, na kwa umbo hili mimi ningesogea upande wa miaka ya 1960 kuliko mwisho wake.

Jicho la Randa

Nakubaliana. Nchi zilizokufa ni zawadi kwa wasoma viti. "Western Germany" inakupa baada ya 1949 na kabla ya 1990. "Czechoslovakia" haivuki 1992. Hakuna fundi anayeweza kuzibadilisha kama anavyobadilisha skrubu.

Lile bamba lililong'olewa sasa linanifikirisha. Huenda lilikuwa la muuzaji aliyekiagiza, wengi walibandika majina yao. Huenda aliyeling'oa alitaka kiti kisiwe na jina ili kipewe jingine. Mwenye nacho wa sasa usimtuhumu, inawezekana naye aliuziwa hivyohivyo.

Msasa Laini

Nimezungumza naye leo asubuhi. Nilimwonyesha mfereji wa mikanda, kisha nikamwazima tochi aone herufi mwenyewe. Alikaa kimya kidogo, akasema miaka yote hiyo hajawahi kukigeuza. Tumeelewana upya, na kiti kimebaki kwangu.

Nimeandika karatasi nikaibandika ndani ya ubao wa nyuma, mbali na mhuri: "Kiti cha mapumziko, Yugoslavia, kati ya miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1990, huenda miaka ya 1960. Biichi iliyopakwa rangi ya mtiki. Mtengenezaji hajulikani. Bamba la mbele lilikuwepo, liliondolewa. Skrubu za mikono ni za asili. Mikanda imebadilishwa." Hilo la mwisho nimeliandika mapema kidogo, mikanda yenyewe bado.

Mwenye kujua anisaidie: mikanda mipya ya mpira naikata fupi kuliko nafasi kwa kiasi gani ili ishike bila kuvuta mbao za pembeni?

Bolti Kumi

Pima kutoka mfereji hadi mfereji, kata pungufu kwa sehemu moja kati ya kumi, funga mmoja kwanza ukae uone. Ikivuta mbao, ongeza kidogo. Vile vibanio vya chuma vya zamani usivitupe, vifungue, visafishe kutu, uvirudishe kwenye mikanda mipya.